Shajara: kutafuta njia za kumtembeza Bosi

Naiweka hii kwa yeyote mwenye mbwa ambaye amechoka kuzunguka mtaa uleule kila siku. Mradi wenyewe ni mdogo: kupata sehemu kadhaa ambazo tunafika kwa miguu, mbwa aende arudi ametulia, na kila sehemu iandikwe vizuri kiasi kwamba mtu mwingine wa nyumbani akishika kamba anajua aende wapi na saa ngapi. Bosi ni jike, chotara, mwili wa kati ila nguvu za kuvuta anazo kuzidi huo mwili. Pikipiki anazichukia. Mbwa wenzake wakiwa mbali hana neno, wakija uso kwa uso ni vurugu. Kwa hiyo yote humu yamepimwa kwa mbwa wa aina hiyo, kama wako anapatana na kila mtu kuna mambo utayaruka tu.

4 Februari – Ramani kwanza

Nimeanzia kwenye simu. OpenStreetMap ni ramani ya bure ambayo watu wenyewe wanaijaza, ipo tangu 2004, na ina hadi alama ya bustani za mbwa, ila maeneo mengi hakuna aliyeziweka, kwa hiyo ukitafuta hiyo alama peke yake utadhani hamna kitu. Nilichofanya ni kutafuta vitu vingine: njia za miguu zisizopitisha magari, kingo za mito na mabwawa, viwanja vya michezo, maeneo ya wazi pembeni ya reli, nyuma ya maghala, vipande vya miti ambavyo havina jina. Kila kimoja nikakitia alama, alafu nikafungua picha za setelaiti kuona kama kweli kuna kivuli.

Hapo ndipo shida ya kwanza. Picha ya setelaiti inaweza kuwa ya zamani, ile ya kijani niliyoipenda kuliko zote kufika pale ni msingi wa jengo na mabati. Ramani ikikupa tarehe ya picha iangalie kabla hujaipenda sehemu, na kama haikupi chukulia ni ya zamani. Kingine, picha ya juu haikuonyeshi ukuta wala uzio. Njia mbili zilizoonekana zimeungana, katikati yake kuna geti la chuma lenye kufuli.

Gharama mpaka hapa: bando tu.

9 Februari – Bila mbwa

Hatua hii watu wengi wanairuka, mi naona ndiyo imeokoa muda kuliko zote. Unaenda mwenyewe, mikono mitupu, hakuna anayekuvuta, unaangalia ardhi. Ukiwa na mbwa macho yote yako kwake na kwa kinachokuja mbele, chini huoni.

Nilichokuwa naangalia: chupa zilizovunjika, mifupa, chambo cha sumu ya panya (pembeni ya maghala na majengo ya biashara huwa kinawekwa kwenye viboksi vidogo vyeusi ukutani, na mara nyingine kinamwagwa wazi kabisa), mitaro isiyofunikwa, waya, matundu kwenye uzio. Alafu nachuchumaa. Nipo serious, chuchumaa mpaka macho yako yafike urefu wa macho ya mbwa wako, utashangaa. Nyuma ya mabenchi ya bustani moja, ukisimama unaona majani tu na maua, ukichuchumaa unaona mifupa ya kuku imetupwa humo chini ya uvungu, mipya na ya zamani, imeshikamana na karatasi za mafuta. Mfupa wa kuku uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha, na Bosi akishatia kitu mdomoni kukitoa ni mieleka. Bustani nzuri, imefutwa. Au tuseme imefutwa ule upande wa mabenchi.

Mlinzi wa pale akaniuliza, "Kaka, umepoteza nini?" Nikamwambia natafuta sehemu ya kumtembeza mbwa. Akacheka, alafu akanipa taarifa ambayo ramani isingenipa kamwe: geti la nyuma linafunguliwa alfajiri kwa ajili ya wafagiaji na mpaka jua litoke hakuna mtu. Tangu siku hiyo kila sehemu naanza na mlinzi, mfagiaji au muuza duka aliye karibu. Wao ndio wapo pale kutwa.

15 Februari – Njia ya maji imegoma

Hii ilikuwa namba moja kwenye orodha. Njia pembeni ya maji, kivuli mwanzo mwisho, hakuna gari, upepo mzuri, yani ukipiga picha unaweza kuiweka kwenye kalenda. Na bila mbwa ilipita mtihani wote.

Na mbwa imekufa mapema tu. Upande mmoja maji, upande wa pili uzio, katikati njia ya watu wawili kupishana kwa kubanana. Akaja jamaa na mbwa wake kutoka mbele. Mbali bado. Bosi alikuwa anahema mdomo wazi, mara mdomo ukafunga. Masikio mbele, mwili ukawa mzito upande wa mbele, kamba ikakaza. Nikatoa kipande cha nyama, ile nyama ambayo nyumbani anaisikia nikiwa bado nafungua mfuko, nikamwekea puani kabisa. Hakuigusa. Hakukataa kwa kugeuza kichwa, ni kama haikuwepo. Tulirudi nyuma haraka mpaka tulipotokea, jamaa akapita, tukaanza upya, tukakutana na baiskeli.

Nimesoma na kuuliza, na maelezo yako hivi. Mbwa wawili wasiofahamiana wakiachwa wenyewe hawaendeani moja kwa moja, wanakuja kwa kuzungukana, kila mmoja anaonyesha ubavu. Njia nyembamba inawalazimisha waje uso kwa uso, na kamba iliyokaza inamnyima mbwa uwezo wa kukwepa. Akishindwa kukwepa inabaki kufoka. Na kila mbwa ana umbali wake, kwamba mwenzake akiwa nje ya umbali huo anamwona na anaendelea na shughuli zake, akivuka ndani ya huo umbali akili ya kula na kusikiliza inafungwa. Kukataa chakula anachokipenda ndiyo dalili rahisi kuliko zote kuiona, hauhitaji utaalamu.

Marekebisho: kila sehemu sasa ina swali la kwanza kabla ya kivuli, maji na mengine yote. Nikikutana na mbwa hapa katikati, napita wapi? Kama jibu ni "narudi nilikotoka", hiyo njia haifai kwa Bosi. Nimezipitia tena zile zilizobaki kwa swali hilo na kadhaa zimeondoka, zikiwemo mbili nilizokuwa nazipenda mimi. Na zingine zilizoonekana mbaya zimepanda, mfano eneo la wazi nyuma ya maghala, halina uzuri wowote, vumbi na magugu, ila upana upo na kuna marundo ya kokoto unaweza kusimama nyuma yake mpaka mwenzako apite.

26 Februari – Karatasi ya alama, toleo la pili

Toleo la kwanza lilikuwa na alama za kivuli, usafi, utulivu, mandhari, sehemu ya kukaa. Nikijumlisha, njia ya maji bado inashinda. Kumbe nilikuwa napima matembezi yangu, sio ya mbwa.

Toleo la pili linamuuliza mbwa. Natazama vitu hivi: kamba ililegea muda mrefu kiasi gani, alinusa chini au alikuwa kichwa juu muda wote, alikula nilipompa, alijikung'uta baada ya kitu cha kumshtua (ile ya kujikung'uta kama ametoka majini wakati hajalowa, ni dalili anajishusha presha), na baada ya kufika nyumbani alilala baada ya muda gani au alikuwa anazunguka zunguka ndani.

Hilo la kunusa lina uzito kuliko nilivyodhani. Mbwa ana vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200 puani, binadamu tuna kama milioni 5 au 6. Kipande cha majani ambacho kwetu hakina kitu kwake kina habari za waliopita. Nilikuwa na tabia ya kumvuta tuendelee manake "tumekuja kutembea". Sasa hivi sehemu moja yenye harufu nyingi tunaweza kukaa bila hata kusogea sana, na anarudi amechoka vizuri kuliko akipelekwa mbio barabara ndefu yenye lami. Kwa hiyo umbali nimeutoa kabisa kwenye karatasi. Nilikuwa naurekodi kwa programu ya simu, haukuniambia chochote.

8 Machi – Sehemu bila saa haina maana

Kama unasoma kipande kimoja tu soma hiki.

Uwanja wa mpira ulio karibu ulikuwa umepata alama nzuri sana. Wazi, nyasi, unaona anayekuja kutoka mbali, njia za kutokea pande zote. Nikamwambia mdogo wangu ampeleke Bosi jioni, karudi analalamika kwamba nimemtuma vitani: mechi, watoto, pikipiki zimeegeshwa mstari mzima na zinawashwa kwa mpigo mmoja mechi ikiisha. Wote tulikuwa sahihi, mimi nilienda saa 12 asubuhi, yeye saa 11 jioni.

Nikaanza kurudia sehemu zilezile kwa saa tofauti na siku tofauti, na matokeo yamebadilika mno kiasi kwamba orodha ya zamani nimeifuta. Mstari mmoja kwenye daftari sasa ni sehemu pamoja na saa, sio sehemu peke yake. Uwanja asubuhi ni mstari mmoja, uwanja jioni ni mstari mwingine wenye alama nyekundu. Bustani alfajiri geti la nyuma, nzuri. Bustani jumapili mchana, usithubutu. Nyuma ya maghala siku za kazi malori yanarudi nyuma yakipiga honi, siku za mapumziko kimya kabisa. Njia inayopita shuleni ni salama mpaka kengele ilie, ikishalia una dakika chache tu kabla hujazingirwa na watoto wanaotaka kumshika.

Kingine ambacho saa imekifichua ni gari la taka. Siku linapopita, mifuko inakuwa imetolewa nje tangu usiku na imechanwa na wanyama, njia nzima ni mabaki. Siku inayofuata njia hiyohiyo ni safi. Andika siku ya taka kwenye daftari lako, itakupunguzia mieleka.

Gharama ya hatua hii ni usingizi. Hamna njia ya mkato, lazima uende saa ambazo hupendi kwenda.

20 Machi – Lami

Joto limeanza na lami imekuwa tatizo. Hewa ikiwa nyuzi 25 tu na jua linawaka, lami inaweza kupita nyuzi 50. Wewe una viatu, yeye hana. Kipimo ni kuweka mgongo wa mkono juu ya lami na kuuacha sekunde saba, ukishindwa kuvumilia basi na nyayo zake zitaungua. Nyasi bandia za viwanjani ni mbaya vilevile, zinachemka, msidanganyike na rangi ya kijani.

Mbwa anajipooza zaidi kwa kuhema, jasho lake ni kidogo na liko kwenye nyayo, kwa hiyo joto linampata haraka kuliko sisi. Wale wenye pua fupi kama pug na bulldog ndio wabaya zaidi manake hata kuhema kwenyewe ni shida. Joto la mwili wake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, likipita 40 tunaongelea hatari. Ukiona anahema kwa kelele, mate mazito, fizi nyekundu sana, anayumba, hapo safari imeisha: kivulini, mmwagie maji ya baridi ya kawaida mwili mzima, mpepee, mpeleke kwa daktari wa mifugo hata akionekana amepata nafuu.

Kwenye daftari nimeongeza safu ya kivuli kinaangukia wapi. Njia yenye miti upande wa mashariki ina kivuli asubuhi, jioni kivuli kinaangukia ng'ambo kwenye uwanja wa mtu. Tumefuta matembezi yote ya mchana, anatoka tu uani kujisaidia basi. Nabeba chupa ya maji na kibakuli cha kukunja.

6 Aprili – Kupe

Sehemu ambayo Bosi mwenyewe angeichagua ni kipande cha msitu mdogo, nyasi zinafika kiunoni kwake, harufu mpaka basi. Alama za juu kila kipengele. Tatizo tumelikuta nyumbani, kupe kati ya vidole, kupe ndani ya sikio pale kwenye mkunjo, mmoja ameshavimba chini ya kwapa. Na mbegu za nyasi zenye ncha, zile zenye vijinywele vinavyoelekea upande mmoja, zikiingia kwenye ngozi au sikio hazirudi nyuma, zinazidi kwenda ndani. Moja iliingia kati ya vidole, akawa analamba mguu usiku kucha, tukaishia kwa daktari.

Kupe anatolewa kwa kibano, unamshika karibu kabisa na ngozi unavuta taratibu moja kwa moja. Usimpake mafuta, usimchome na kiberiti, zote hizo zinamfanya ateme vilivyomo tumboni mwake kwenye jeraha. Na sio uchafu tu, kupe wanabeba magonjwa ya damu yanayoua mbwa, na yule kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kuzaliana hadi ndani ya nyumba, kwenye nyufa za ukuta. Ukimpuuza mmoja utakuja kuhamisha vitanda.

Msitu sijaufuta, ingekuwa ukatili. Tulichobadilisha: tunapita katikati ya njia iliyokanyagwa, sio ndani ya nyasi, dawa ya kupe anapewa kwa ratiba na tukitoka msituni anakaguliwa kabla ya kuingia ndani, vidole, masikio, kwapa, shingo chini ya kola, chini ya mkia. Dawa ya kupe ndiyo imekula hela kuliko kitu kingine chochote kwenye mradi huu, na nimeshauriwa dozi iende na uzito wake, sio kukadiria, na kamwe usimpe paka dawa ya mbwa manake baadhi zina permethrin, kiuawadudu, na hiyo kwa paka ni sumu.

Kuna dimbwi pale mwisho wa msitu nalo limewekewa alama nyekundu. Maji yaliyotuama yanaweza kuwa na mkojo wa panya, na huko ndiko ugonjwa wa leptospirosis unakotoka, inampata mbwa na inakupata na wewe. Yakiwa na utando wa kijani au bluu juu ndiyo usisogee kabisa, kuna aina zina sumu ya kuua mbwa ndani ya saa chache. Anakunywa maji yetu tu.

19 Aprili – Kumwachia akimbie

Nilitaka sehemu moja tu ya kukimbia. Bustani za mbwa zenye uzio zipo nchi nyingi sasa, ile ya Ohlone kule Berkeley, Marekani, ya 1979, mara nyingi inatajwa kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa. Ya karibu na sisi tumeiona kwa nje na hatukuingia. Mbwa wote wanakusanyika getini kumpokea mgeni, na mgeni anaingia akiwa kwenye kamba, yani ni njia ya maji tena ila sasa wako sita. Kama yako ina mageti mawili, moja nyuma ya jingine, na wenye mbwa wanaowaita mbwa wao warudi nyuma ukifika, jaribu. Kama wamekaa mabenchini wanaangalia simu, geuka.

Badala yake nimetumia kamba ndefu ya mita 10 kwenye uwanja asubuhi. Mambo ambayo yamegoma na yakarekebishwa: kwanza, kamba ndefu kwenye kola ya shingo hapana, akikimbia akafika mwisho shingo inapata mshtuko wote, lazima hanesi ya kifuani (mikanda inayozunguka kifua). Pili, usiizungushe mkononi. Nimechubuka kiganja vizuri sana, sasa navaa glavu za bustani. Zile kamba za kujivuta zenyewe ndani ya kiboksi sizitaki, uzi wake mwembamba unakata na kiboksi kikikuponyoka kinamfukuza mbwa kwa nyuma kikigonga gonga chini, mbwa mwoga hapo humpati tena. Tatu, mpira mwekundu kwenye nyasi anaukosa hata ukiwa mbele yake, macho ya mbwa yanaona bluu na njano vizuri, nyekundu na kijani vinafanana kwake. Tumeweka wa bluu, umekwisha utata.

Nimeomba pia ruhusa kwenye yadi moja yenye uzio isiyotumika siku za mapumziko. Sehemu ya kwanza nilikataliwa bila hata kuangaliwa usoni. Ya pili wamekubali kwa masharti, kinyesi kisibaki na geti lifungwe. Nimeandika masharti yote kwenye karatasi nikawapelekea wao nakala, na nafikiri hiyo karatasi ndiyo iliyowalainisha.

3 Mei – Watu, na mbwa wasio na mwenyewe

Sehemu nzuri inaharibika kwa malalamiko, kwa hiyo hili nalo ni sehemu ya mradi. Kuna watu wanaogopa mbwa kwelikweli, na kumwambia mtu "haumi huyo" hakumsaidii chochote. Nikiona mtu anapunguza mwendo au anamvuta mtoto karibu, mimi ndiye ninayetoka njiani, nafupisha kamba, Bosi anakuwa upande wa mbali. Wakimbiaji wanaokuja kwa nyuma vilevile.

Kinyesi kinaokotwa hapohapo. Mayai ya minyoo ya mbwa yakitoka yanakuwa bado hayana uwezo wa kuambukiza, yanahitaji kama wiki mbili au zaidi kwenye udongo, baada ya hapo yanaweza kukaa humo miaka. Ukiokota kikiwa kibichi umemaliza kesi. Ukiacha, umewaachia watoto wanaocheza pale.

Mbwa wazururaji tumekutana nao nyuma ya maghala. Kilichofanya kazi: hukimbii, humbebi mbwa wako juu, unasimama, unageuka ubavu, unarusha konzi ya chakula nyuma yao na unaondoka taratibu kwa upande mwingine. Kupiga kelele na kuokota mawe kulikuwa ushauri wa wengi, siku nyingine unatawanya, siku nyingine unawakusanya.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai kabla hujaanza mradi kama huu, hili halina mjadala. Karibu visa vyote vya kichaa kwa binadamu, asilimia 99, vinatoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Ukiumwa au hata kuchubuliwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, alafu hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, usisubiri kuona kama yule mbwa ataugua. Wenye watoto wa mbwa wadogo, subirini wamalize chanjo zao kabla ya kuwashusha kwenye viwanja wanavyopita mbwa wengine, kirusi cha parvo kinaweza kudumu kwenye udongo mwaka na zaidi.

22 Mei – Daftari lilivyo sasa

Limebandikwa mlangoni kwa ndani, juu ya ndoano ya kamba. Mstari mmoja mfano: *Uwanja. Saa 12 hadi saa 1 asubuhi, siku zote isipokuwa jumamosi. Kamba ndefu. Ingilia upande wa kaskazini, mbwa mweupe wa nyumba ya kona hufungiwa ila hubweka, vuka barabara kabla ya kona.* Hiyo habari ya mbwa mweupe kaiongeza mdogo wangu kwa kalamu, na nimeona nyongeza za namna hiyo ndizo zinatumika kuliko alama zangu.

Sehemu zilizobaki ni chache kuliko nilizoanza nazo, zote ziko karibu, na ukiacha njia ya maji hakuna hata moja iliyokuwa kwenye tatu bora za mwanzo. Njia ya maji imerudi kwa mlango wa nyuma: alfajiri kukiwa na mvua nyepesi, hakuna mtu wala mbwa, ina mstari wake na maelezo "mvua tu".

Vilivyonunuliwa: hanesi, kamba ndefu, glavu, kibakuli cha kukunja, kibano cha kupe, mifuko, dawa. Kisichohitajika: programu ya kulipia ya kupima umbali, viatu vya mbwa (alivivua vyote kabla hatujafika getini, kimoja hakijapatikana mpaka leo).

30 Mei

Njia ya kwenda msituni imezibwa na mabati, kuna ujenzi. Mafundi wanasema itachukua muda. Nimeirudisha ramani mezani kutafuta mlango mwingine, na kwenye picha kuna kama kichochoro upande wa reli. Picha ni ya zamani. Naenda kukiangalia jumapili, Bosi atabaki.